Turkiya Atafuta Hatua Yake

Pale Mabawa, ukiuliza nyumba ya Turkiya, hata mtoto mdogo atakuonyesha. Si kwamba Turkiya ni tajiri. Wala si mkorofi, ingawa ukimchokoza utajuta. Anajulikana kwa sababu hatulii. Akikaa kitini kidogo tu, keshainuka. Anafagia palipofagiwa. Anafua nguo safi. Siku moja mumewe, Himyar, alirudi kutoka dukani akakuta kabati la chumbani liko sebuleni.

"Mama Shaima, kabati hili limekukosea nini?"

"Halijanikosea. Mikono ilikuwa haina kazi."

Kesho yake kabati likarudi chumbani. Himyar hakuuliza tena.

Majirani walicheka, lakini Turkiya mwenyewe hakuwa na raha. Usingizi ulimkimbia. Akilala, anagaagaa mpaka shuka linaanguka chini. Akiamka, kichwa kizito, na anayemsogelea anakiona cha moto. Aliwafokea watoto wake mpaka binti yake Shaima akawa anapita uani kumkwepa. Jambo hilo lilimuuma sana. Alipokwenda zahanati, akaambiwa presha imepanda. Akapewa dawa, na akaambiwa afanye mazoezi.

Ndipo akajiunga na klabu ya jogging ya mtaani.

Loh! Kumbe mwili wake ulikuwa unalia kazi siku zote. Alikimbia, akatoka jasho, akaimba na wenzake. Akirudi nyumbani anakula vizuri, na usiku analala fofofo. Presha ikashuka. Shaima akaanza tena kumtania mama yake. Turkiya akawa mtu mwingine kabisa, na mwenyewe alijua.

Klabu yenyewe ina utaratibu wake. Jumamosi na Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, watu hukusanyika wamevaa fulana za rangi moja. Wanapanga mistari. Kiongozi anaimbisha, wengine wanaitikia, na miguu yote inagonga lami kwa pamoja. Kiongozi wao ni Mutasim, mdogo wake Himyar. Ni mrefu huyo, mlangoni huinama. Sauti anayo. Maringo anayo. Na fahari yake kubwa ni moja: klabu yake ikipita, unasikia mguu mmoja tu.

"Mguu wa nani?" anaita Mutasim.

"Wetu sote!" wanaitikia.

Anayekosea mguu hutungiwa wimbo hapo hapo, na mtaa mzima husikia. Turkiya hakuwahi kuimbwa. Ni mfupi, kichwa chake kinafika kifuani kwa Mutasim, lakini hakukosea mguu hata siku moja. Alijivunia hilo kuliko bangili zake za dhahabu.

Basi, mvua za vuli zilipokwisha, muundi wa mguu wa kulia ukaanza kumuuma. Muundi ni ule mfupa wa mbele, kati ya goti na kifundo cha mguu. Mwanzo uliuma kidogo baada ya mbio. Kisha ukawa unauma katikati ya mbio. Kisha hata wa kushoto ukaanza.

Turkiya hakukaa kimya. Yeye na kukaa kimya wapi na wapi? Alijichua kwa mafuta ya nazi na karafuu. Akafunga bandeji. Akaweka barafu. Akaenda kwa Mzee Khozema, mwenye duka la viatu, ambaye naye ni mwanachama wa klabu.

"Shikamoo, Mzee Khozema."

"Marahaba, binti yangu. Viatu vyako ndivyo vinavyokuumiza. Chukua hivi. Soli yake ni godoro. Unavaa, unasikia uko kitandani."

Turkiya akanunua. Viatu vilikuwa laini kweli, na mguu uliuma vile vile.

Akaamua kupumzika mbio. Mguu ukapoa. Lakini baada ya siku chache Himyar akakuta kabati liko sebuleni. Usingizi nao ukaanza kupotea. Turkiya akarudi mbioni kabla mguu haujapona, na maumivu yakarudi kwa hasira.

Asubuhi moja Himyar alimwona akishuka ngazi za mlangoni ubavu ubavu, kama kaa.

"Mama Shaima."

"Abee."

"Unachechemea."

"Mguu umelala tu."

"Mguu gani unalala miezi?" Himyar aliweka kikombe chini. "Sikiliza. Mwezi ujao mna bonanza lenu la mbio kule Ushongo. Sitakuzuia kwenda. Lakini nitakuja mwenyewe, nitasimama pale mnapomalizia. Nikikuona unachechemea, basi, mambo ya kukimbia tumeyafunga. Sitaki mke wangu awe kilema kwa ajili ya fulana."

Turkiya akakichukua kile kikombe, akaenda kukiosha. Alimjua mumewe, si mtu wa maneno mawili. Alijua pia kwamba hasemi kwa ubaya. Anaogopa. Lakini Turkiya aliogopa zaidi yake. Aliogopa kurudi kuwa yule mwanamke wa kuhamisha makabati na kufokea watoto.

Siku hiyo alizunguka uani kutwa. Anakwenda kwenye kamba ya nguo, anarudi. Anakwenda bombani, anarudi. Jirani yake Ruthi alikuwa akimtazama kutoka barazani kwake. Ruthi ni mwenyeji wa Amani, amepanga hapo Mabawa kwa sababu ya kazi. Ni mtaalamu wa viungo hospitalini. Watu waliovunjika, waliopooza, au wenye maumivu ya misuli, yeye huwasaidia warudi kutembea.

"Dada Turkiya, tangu asubuhi unazunguka. Umepoteza kuku?"

"Nimepoteza mguu, mdogo wangu. Njoo unitafutie."

Turkiya alimweleza yote, mpaka maneno ya Himyar. Machozi yalimlengalenga, akajifanya amepatwa na vumbi. Ruthi akamketisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa hakikuwepo kiti karibu, akaanza kuubonyeza muundi polepole.

"Panauma hapa tu, mahali pa kidole kimoja?"

"Hapana. Panauma kwa urefu, kutoka hapa mpaka hapa."

"Ukiwa umelala unauma?"

"Hapana."

"Umewahi kuvimba?"

"La."

"Afadhali," Ruthi alisema. "Kama ungeuma mahali padogo, au ungeuma hata ukiwa umepumzika, ningekupeleka hospitali leo leo. Ukiuma hivyo, huenda mfupa umepata ufa, na hapo hakuna mzaha. Huu wako naona umechoshwa tu. Sasa tujue nini kinauchosha."

"Si viatu?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mzee Khozema naye hajui. Mguu wa mtu anayekimbia unagusa chini na kuondoka haraka sana. Jicho haliwahi kuuona. Tutakupiga video kwa simu, kisha tutaiendesha polepole. Hapo mguu wenyewe utasema."

"Video! Makubwa haya. Leo nimekuwa msanii?"

"Msanii wa muundi," Ruthi alisema, wakacheka wote wawili.

Kesho yake jua lilipochomoza walikwenda uwanja wa shule. Ruthi alibeba ndoo tupu. Akaifunika chini juu, akaegemeza simu juu yake kwa tofali.

"Kwa nini usishike tu mkononi?" Turkiya aliuliza.

"Mkono unatikisika. Nikitikisika mimi, tutadhani umetikisika wewe. Tena nikiishika juu, nitaupiga uso wako. Simu ikae chini, usawa wa magoti, na jua liwe nyuma yake. La sivyo tutaona kivuli tu."

Kisha Ruthi akakata vipande vya plasta nyeupe. Akambandika juu ya suruali yake ya mazoezi, kimoja kwenye nyonga na kimoja kwenye goti. Kingine akakibandika kwenye kifundo cha mguu. Vipande hivyo vilikuwa vya kusaidia jicho kufuata mguu unavyokwenda.

Turkiya akakimbia mbele ya simu kwa ubavu, kwenda na kurudi, mara kadhaa. Ruthi hakutaka hatua moja tu, kwa sababu mtu anaweza kukosea hatua moja. Kisha akakimbia akiipa simu mgongo, ili waone kama unyayo unalala ndani au nje.

Walikaa kwenye ngazi za darasa, wakaiendesha video polepole. Turkiya alijiona akielea hewani, hijabu inapepea taratibu. Unyayo ulishuka. Ulitua chini ya goti. Goti lilijikunja kidogo. Mguu ukaondoka nyuma.

Ruthi aliitazama tena. Akatazama na ile ya mgongoni. Akakuna kichwa.

"Dada, sioni kosa. Unakimbia vizuri."

Turkiya aliinuka kama aliyekalia moto.

"Vizuri? Mguu unaniua, unaniambia vizuri? Yaani ninasingizia?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, bwana! Mwezi unakwisha, mume wangu ananingoja Ushongo na macho yake, na wewe unaniambia vizuri!"

Akaondoka huku plasta zingali zimemganda. Alipofika nyumbani akaosha vyombo vyote, pamoja na vile vya wageni vilivyokuwa kabatini. Hasira ilipotulia, aibu ikamshika. Ruthi alikuwa ameacha usingizi wake asubuhi kwa ajili yake. Turkiya akapika vitumbua, akavipeleka mwenyewe.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mdomo wangu hauna breki."

"Nimekuzoea," Ruthi alisema, akachukua kitumbua. "Lakini nami nimefikiri. Maumivu huanza wapi? Ukitoka tu nyumbani?"

"Hapana. Tukishachanganya nyimbo."

"Nyimbo zipi?"

"Za klabu. Zikikolea, ndipo muundi unaanza."

"Na ukikimbia peke yako?"

Turkiya alijaribu kukumbuka. Ukiacha pale uwanjani, hakuwahi kukimbia peke yake. Na pale uwanjani, sasa alipokumbuka, mguu haukuuma hata kidogo.

"Basi mimi nimekosea," Ruthi alisema. "Nimekupiga video mahali usipoumia. Jumamosi nitakuja barabarani."

Jumamosi klabu ilipopita kwenye ile barabara iliyonyooka, Ruthi alikuwa ameketi kando na ndoo yake. Turkiya alimwona, akajifanya hamjui. Ile "Mguu wa nani?" ilipaa. Ile "Wetu sote!" ikajibu. Lami ikagongwa. Watu walichungulia madirishani kuwatazama, na Turkiya, pamoja na maumivu yake, alijisikia mtu miongoni mwa watu.

Jioni walikaa sebuleni kwa Turkiya. Ruthi aliendesha kwanza video ya uwanjani, kisha ya barabarani. Alimwachia Turkiya atazame mwenyewe.

"Mbona huyu si mimi?" Turkiya alisema.

Alikuwa yeye. Fulana yake, hijabu yake, viatu vyake vya godoro. Lakini mguu ulikuwa umerushwa mbele, umenyooka, kama wa mtu anayeruka mtaro. Kisigino kilitua kwanza, mbali na mwili. Ruthi akaisimamisha picha. Akaweka ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu, kutoka gotini kushuka chini.

"Uwanjani unyayo ulitua hapa, chini ya goti. Hapa barabarani umetua mbele kabisa. Unaona? Kila hatua unajipiga breki. Gari likipigwa breki njia nzima, tairi zitabaki? Msuli huu wa mbele ya muundi ndio unaozuia unyayo usianguke kwa kishindo. Unaukamua asubuhi nzima. Lazima ulie."

"Lakini kwa nini nikimbie hivi? Nani kanifundisha?"

"Mtazame aliye mbele yako."

Turkiya akatazama. Mbele ya kundi alikuwepo Mutasim, na miguu yake mirefu. Alikwenda kwa raha zake. Unyayo wake ulitua pale pale chini ya goti. Kila alipopiga hatua moja, Turkiya naye alipiga hatua moja. Ila ili afike pale, ilibidi ajinyooshe mpaka mwisho wa mguu wake.

Aliruka kutoka kitini.

"Ninakimbia hatua za shemeji yangu!"

Ruthi akamweleza la kufanya. Apige hatua fupi na za haraka zaidi. Unyayo utue chini ya mwili, polepole, bila kishindo. Asibadilishe kwa fujo siku moja. Akimbie kidogo, atembee kidogo. Nyumbani asimame kwenye ngazi, ainue visigino na kuvishusha. Mguu ukizidi kuuma, aache na aseme.

"Na video haimponyi mtu," Ruthi alimalizia. "Inaonyesha tu. Kazi ni yako."

Turkiya akaacha mbio za klabu kwa muda, akawa anakwenda uwanjani peke yake asubuhi. Hatua fupi zilimchosha mapafu mwanzoni. Alijiona kama kuku anayekimbizwa. Lakini Ruthi alimpiga video nyingine, wakailinganisha na ile ya barabarani, na tofauti ilikuwa wazi. Baada ya majuma mawili hivi, alipanda ngazi za nyumbani bila kujishika ukutani. Akazishuka. Akazipanda tena, kwa raha tu.

Akarudi klabu akiwa na furaha, akasimama mstari wa pili kama kawaida yake.

Jamani, kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kingine! Mutasim alipoanza kuimba, miguu ya Turkiya ilivutwa. Wimbo ulikuwa unamwambia jinyooshe, na yeye anajiambia fupisha. Akafupisha. Aliyekuwa nyuma yake akamkanyaga kisigino. Wa nyuma yake naye akajikwaa. Ule mguu mmoja ukavunjika vipande.

Mutasim akasimamisha kundi zima katikati ya barabara.

"Shemeji! Una nini leo? Bonanza ni wiki ijayo, unatuharibia mguu?"

"Mguu unaouharibu ni wangu, shemeji! Wewe una miguu ya twiga. Mimi sina."

Watu waliguna. Mutasim alicheka kidogo, kisha akaanza kumtungia wimbo pale pale, wa kuku mfupi aliyepotea njia. Wengine wakaitikia. Turkiya aliwatazama, akatoka mstarini, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Alilia njiani, wala hakujificha.

Nyuma yake alisikia mtu anahema. Alikuwa Mzee Khozema, uso mwekundu, fulana imembana tumboni.

"Binti yangu, ngoja. Hiyo miguu ya twiga... hata mimi inaniua."

"Wewe, Mzee?"

"Magoti yote mawili. Kila siku ninajichua nyuma ya kaunta, wateja wasione. Usimwambie mtu."

Mchana wa siku hiyo Mutasim alikuja kwa kaka yake kula, kama anavyokuja kila Jumamosi. Hata kunawa hakunawa.

"Kaka, mkeo leo ameniaibisha mbele ya klabu."

"Nimesikia wewe ndiye uliyemwimba," Himyar alisema bila kuinua uso.

Turkiya alitua sinia la pilau katikati. Alitaka kusema maneno makali, na alikuwa nayo mengi. Badala yake akaweka simu yake, yenye zile video alizotumiwa na Ruthi, mbele ya Mutasim.

"Shemeji, tazama kwanza. Ukimaliza, niimbe tena."

Akamwonyesha video ya uwanjani, kisha ya barabarani. Akaweka ukingo wa karatasi gotini kama Ruthi alivyofanya. Akamweleza habari ya breki. Himyar naye alisogea, mkono wenye pilau umesimama njiani kwenda mdomoni.

"Wewe unakimbia vizuri sana," Turkiya alimwambia Mutasim. "Tazama mguu wako unavyotua. Hakuna anayekimbia kama wewe hapa. Shida ni sisi. Sisi sote tunakimbia kwa miguu yako."

Mutasim aliitazama tena. Akamwona Mzee Khozema mstari wa nyuma, anaruka kila hatua kama anavuka maji. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee anaumia?"

Turkiya alisita. Ameambiwa asimwambie mtu.

"Muulize mwenyewe," alisema.

"Mbona hakuna anayeniambia?"

"Nani akuambie? Anayekosea mguu si unamwimba?"

Mutasim aliirudisha simu. Alikula matonge machache, akanawa, akaondoka kabla ya kahawa. Himyar akamtazama mkewe.

"Nionyeshe tena hiyo ya mwanzo," alisema. "Ile unayoelea."

Siku ya mazoezi iliyofuata Mutasim alikuja na sura ya mtu ambaye hakulala. Aliwapanga upya, wafupi mbele, warefu nyuma.

"Wimbo ni ule ule," alitangaza. "Tutapiga makofi pamoja. Miguu, kila mtu na yake. Mwenye kuumwa aseme. Sitamwimba mtu." Akamgeukia Turkiya. "Na shemeji yangu aniwie radhi."

"Nimekuwia," Turkiya alisema haraka, maana alikuwa karibu kulia tena.

Wakaanza. Astaghfirullah! Ilikuwa kelele kama gunia la nazi limemwagwa ngazini. Watu wa madirishani walishika vinywa. Mutasim alijikaza kisabuni, akaimba mpaka mwisho.

Siku ya bonanza walivuka kivuko cha Pangani asubuhi mapema. Klabu zilitoka Muheza, Korogwe na Pangani penyewe. Mbio zilianzia ng'ambo ya mto, kwa barabara ya vumbi, mpaka Ushongo. Himyar alikwisha tangulia na gari. Turkiya hakuweza kusimama mahali pamoja. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga.

Mwanzo walikwenda vizuri. Makofi pamoja, miguu kila mtu na yake. Turkiya alihesabu pumzi zake na kuusikiliza muundi. Muundi ulikuwa kimya.

Walipokaribia nusu ya njia, klabu nyingine ikaja nyuma yao. Miguu yao ilikuwa mmoja. Puu! Puu! Vumbi lilinyanyuka kwa pamoja. Ilipendeza, usidanganywe. Walipowapita, mmoja wao akageuka.

"Mabawa! Mnakimbia au mnatwanga?"

Kicheko kikapasuka. Mutasim hakuvumilia. Alitoka nyuma, akapita mbele ya kundi lake, akapaza sauti.

"Mguu wa nani?"

"Wetu sote!"

Na miguu ikaanza kugonga pamoja, kama zamani. Kundi zima likajinyoosha kuwafuata wale. Turkiya alisikia mwili wake unavutwa. Miguu yake ilitaka kwenda. Hatua mbili, tatu, alirusha mguu mbele, kisigino kikagonga, na muundi ukamchoma kidogo, kama umemgusa begani kumwonya.

Akafupisha hatua. Kundi likaanza kumwacha. Aliona migongo yao inakwenda, fulana za rangi moja, na yeye amebaki na vumbi lao. Iliuma kubaki. Wale walikuwa watu wake. Lakini hatua alizishika zile zile, fupi, haraka, chini ya mwili.

"Usinikimbie, binti yangu," sauti ilisema ubavuni. Mzee Khozema naye alikuwa amebaki.

Huko mbele Mutasim aligeuka kutazama kundi lake. Akaona pengo. Akaona mama mfupi na mzee mnene wanakuja nyuma taratibu, hawainui hata mkono kuomba wasubiriwe. Akaacha kuimba. Akasimama kando ya barabara mpaka wakamfikia, akaungana nao. Alipiga makofi tu, na mmoja mmoja wa mbele nao wakaanza kupunguza mwendo.

Klabu ya Mabawa ilifika Ushongo ya mwisho. Nyingine zilikwisha kunywa maji na kupiga picha.

Himyar alikuwa amesimama kwenye kamba ya kumalizia, mikono nyuma. Hakumpongeza mkewe.

"Tembea mpaka kwenye lile gari, kisha urudi."

Turkiya akatembea. Himyar akapiga magoti mchangani, akamtazama miguu, mbele na nyuma, kama mtu anayenunua mbuzi. Mutasim na Mzee Khozema walisimama pembeni. Turkiya alirudi mpaka mbele yake, akasimama.

"Panda ile ngazi."

Akapanda ngazi ya banda la makuti. Akashuka, uso mbele, mguu mmoja baada ya mwingine.

Himyar aliinuka, akapangusa mchanga magotini.

"Haya," alisema.

"Haya nini, Baba Shaima?"

"Haya, kimbia. Kimbia mpaka uzeeke."

Turkiya alicheka, akajipangusa macho kwa ncha ya hijabu. Akaketi kwenye mkeka chini ya banda ili avue viatu. Alifungua kamba za kiatu kimoja.

Baadaye kidogo Mutasim alikusanya klabu yote kwa ajili ya picha. Alitaka wafupi wakae mbele, na shemeji yake awe katikati. Akaja bandani akiimba kwa sauti yake yote.

Himyar akaweka kidole mdomoni mwake kumnyamazisha. Turkiya alikuwa amelala kwenye mkeka, kiatu kimoja mguuni, kelele za watu mia zimemzunguka, wala hagaagai.

"Nendeni mkapige picha," Himyar alinong'ona. "Huyu mwacheni."